Fundo Katika Nguo Nyeupe

Thamesmead, London

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii ikupigie magoti kwa niaba yangu. Natumai goti lako la kushoto limepoa, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia hujamgawia jirani. Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako huisikiliza nyumba nzima, na hili ni la masikio yako peke yako. Macho yakikusumbua mwite shangazi akusomee, si kaka Hamadi, maana kaka yangu namjua, hana kifua.

Unamkumbuka Bi Kiyoko, yule bibi wa Kijapani ninayemhudumia kule Woolwich mwaka wa tatu huu. Ndiye aliyenishonea yukata ya buluu yenye mbayuwayu, ile uliyoiona kwenye picha ukaniuliza tangu lini navaa dera la mikono ya mraba. Yukata ni nguo yao ya kiangazi, ya pamba nyepesi, ya kukaa nyumbani au kutoka jioni kupunga upepo. Kila mwaka joto likianza hutandika kitambaa mezani akashona mpya kwa mkono. Cherehani haitaki, anasema ina haraka zake. Kazi yangu ni kumtungia uzi, kwa kuwa tundu la sindano halioni tena.

Mwaka huu joto limekuja mapema. Nilifika asubuhi moja nikakuta madirisha yote yamefungwa, na kitambaa kilicho mezani ni cheupe, hakina ua wala ndege. Akakichana kwa mikono. Mama, mlio ule naujua. Nimekua nikiusikia kila ulipoitwa msibani kuandaa sanda, mimi nikiwa nimekaa chumba cha pili na wanawake wengine. Nikajikaza, nikajiambia wazee wana mambo yao. Nikatunga uzi, nikapiga fundo mwishoni kama ulivyonifundisha. Akalifungua kwa ncha ya sindano, polepole. Nikapiga jingine, akafungua tena. Nikamtania kwamba nguo isiyo na fundo itafumuka siku ya kwanza kufuliwa.

"Hii haifuliwi," akasema.

Akanieleza kwa Kiingereza chetu kile, chake cha Kijapani na changu cha Tanga. Kwao nguo ya kuondokea hushonwa bila fundo, ili anayekwenda asishikwe na kitu. Tena haishonwi na mtu mmoja, wanawake wa nyumba hugawana mishono. Yeye wanawake wake wamekwisha. Binti yake wa pekee yuko Kanada, na alipoambiwa kwenye simu alimwomba mama yake aache maneno hayo, akaanza kuuliza habari za hali ya hewa. Daktari alishasema moyo umechoka, na hospitali bibi ameikataa. Kwa hiyo mshono wa mwisho, wa kuungia mkono wa kulia, ulikuwa wangu.

Nilikataa siku nne. Kila siku naikuta nguo imekunjwa juu ya kiti changu, nami nakunywa chai nimesimama. Siku ya tano nikashona, na hapo ndipo nilipokosea. Nilipofika mwisho wa uzi nilipiga fundo. Dogo, punje ya ufuta, nikalificha ndani ya mkunjo. Sikupitiwa, mama, nilijua ninachofanya. Baba mlimzika nikiwa huku, nimeshika simu kwenye jiko la watu. Nilitaka mmoja, mmoja tu, asiondoke bila ruhusa yangu. Najua utasema ni shirki. Sema.

Bi Kiyoko akapitisha kidole kwenye mshono wangu toka juu mpaka chini. Kilipofika pale kikasimama. Hakunitazama. Akaikunja nguo akaenda kulala, na ilikuwa mchana kweupe.

Tangu hapo hali yake si hali. Anahema akikaa, anahema akilala, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Maji anakunywa kwa kijiko. Nesi anayekuja kumpima amenivuta kando mara mbili akaniambia kwa hali ile hakutegemea kumkuta hai, wala haelewi bibi huyu anangoja nini. Mimi naelewa. Kila nikifungua mlango naikuta nguo imetandikwa mezani, ule mkono wa kulia juu, na sindano kando yake. Sijui huinukaje kitandani kuitandika. Hata kijana wa ghorofa ya juu, ambaye muziki wake tuliupigia kelele miaka mitatu, ameuzima bila kuombwa.

Ijumaa nilikuwa najifanya nafuta meza, nikiizunguka nguo. Akaniita, nikakaa kitandani pake. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na huko nje watu wanatembea vifua wazi kwa joto.

"Umenifunga," akasema. "Aliyefunga ndiye afunguaye."

Nikamwambia siwezi, nikalia mbele yake. Akawa ananipapasa mkono, mgonjwa akimbembeleza mzima.

Nimefikiri sana, mama. Uliwahi kuniambia kwamba hata kwetu, maiti akishalazwa mwanandani mle kaburini, vifundo vya sanda hufunguliwa. Nikakuuliza kwa nini, ukanikemea kwamba mtoto haulizi hayo. Nilikaa kuandika ili nikuombe ruhusa, lakini kadiri ninavyoandika naona huko ni kukutwisha mzigo wangu. Na barua itachukua wiki mbili, naye hana haki ya kuteseka wiki mbili kwa sababu ya uroho wangu. Naogopa. Naiogopa sindano ile, na naiogopa simu nitakayoipiga Kanada.

Nisalimie shangazi, naye asitie chumvi akisoma. Nisalimie kaka Hamadi na wifi yangu, na Bi Mwajuma wa vitumbua, mwambie vya huku havina iliki.

Usinijibu kuhusu hili. Barua ikifika mkononi mwako nitakuwa nimeshalifungua.

Mwanao,
Mwanaidi