Usitie Tena Sponji ya Vyombo kwa Samaki

Kitindamimba wangu,

Ile sponji usiirudishe kwenye tangi la samaki! Ulichukua ya kuoshea vyombo, ina sabuni. Asubuhi nimemkuta samaki wako juu juu anatweta. Nimebadilisha maji, nikakata kona ya godoro letu iwe chujio, nikaitoboa na kupitisha kimpira cha pampu katikati kama ulivyofanya wewe. Sasa mapovu yanatoka, na yeye anazunguka kwa maringo.

~~Baba yako asijue.~~ Mwambie tu, kona yenyewe ni ya upande wake.

Jana ulitia mkono majini waya wa pampu ukiwa umechomekwa ukutani. Chomoa kwanza, nakuomba. Samaki mwingine tutampata, mwanangu. Wewe sina wa akiba.

Mama