Makofi ya Asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Pazia ulilonitumia limeenea dirishani vizuri. Paka wa jirani naye kaja kuzalia chini ya kitanda changu, bila hata hodi.

Uliniuliza mbona kwenye simu nasikika kama mgonjwa. Silali, dada. Nikifika geti la kiwanda, natamani kugeuza nirudi. Kila asubuhi msimamizi humsimamisha mbele yule aliyeshona kidogo jana yake, kisha chumba kizima kinaamriwa kumpigia makofi ya kejeli. Mwezi huu ni mimi tu, hata siku nilizowazidi wengine. Mama nilipomweleza, akaniambia mvumilivu hula mbivu. Za kwangu zimeozea mtini.

Jana msimamizi akaniita tena mbele. Nikabaki kitini, nikamjibu, "Nashona, bosi."

Akawageukia wenzangu. "Basi mpigieni makofi hapo hapo alipo."

Nikainamia kola yangu. Ndipo mama mmoja anayeshona vifungo, ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa, badala ya kupiga makofi akakanyaga pedali ya cherehani yake. Akafuata wa pembeni yake, mara chumba kizima kikanguruma kwa cherehani. Bosi alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini sisi tuliona mdomo tu.

Leo kasema atanifukuza. Na anifukuze, ila atanikuta nimekaa.

Mama akikuuliza, mwambie kazi sijaacha. Nilichoacha ni kusimama.

Mdogo wako,
mshona kola