Asumini ya Jirani, Sungura wa Baba

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kuharibu mali ya jirani (mmea mmoja wa asumini)
Shahidi: Binti wa mlalamikiwa, miaka 25
Kazi: Msahihishaji wa vitabu vya shule, anatarajiwa kuanza ualimu mwezi ujao
Makazi: Nyumba ya geti la kijani, inayopakana kwa ukuta na ya mlalamikaji
Yameandikwa: Alhamisi, tarehe 14, kuanzia saa 2:20 asubuhi

Naomba sauti iandikwe kabla ya tarehe, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha yote. Ni sauti ya sungura akisaga meno. Sungura wetu akikunwa nyuma ya masikio husaga meno taratibu, kama mtu anayetafuna punje ya mchele huku akiwaza jambo jingine. Hiyo ni raha. Niliyoisikia siku ile ilikuwa nzito, ikikwaruza, kama kisigino juu ya changarawe. Kwa dakika kadhaa nilidhani anafurahi, nikaendelea kumkuna. Usiku huwa inanirudia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nilikuwa uani kwetu mbele ya banda la sungura. Sungura ni wa baba yangu, mwashi mstaafu. Anamwita Mheshimiwa, kwa kuwa, anasema, kazi yake ni kukaa, kula na kuwatazama watu. Tangu mama afariki miaka mitatu iliyopita, kila asubuhi baba huongea na Mheshimiwa kabla hajaongea na mimi. Sioni wivu. Afisa amenikumbusha kwamba nimeapa kusema kweli. Naona wivu kidogo.

Mheshimiwa alikuwa amejikunyata pembeni. Nyasi za jana hazikuguswa na bandani hapakuwa na kinyesi kipya. Mbele yake palikuwa na vijiti viwili vya asumini vilivyotafunwa nusu. Asumini ni ya jirani yetu, Mama Mapacha. Imeota upande wake, ikapanda ukuta aliojenga baba, ikamwaga matawi upande wetu mpaka juu ya banda.

Nilitafuta kwenye simu kama mimea itambaayo ya bustanini ni salama kwa sungura. Ukurasa niliousoma ulitaja mitatu yenye sumu, kisha ukashauri mtu asimpe sungura mmea wowote utambaao asioujua vizuri. Asumini haikutajwa. Nasisitiza hilo, kwa sababu kusoma ndiyo kazi yangu. Ninalipwa nione kilichoandikwa na si ninachokiogopa. Siku ile mmea wa nne niliuongeza mwenyewe.

Saa nne na nusu hivi nilichukua msumeno wa mkono wa baba, nikapanda ukuta, nikashuka upande wa pili, nikakata shina la asumini karibu na ardhi. Lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Mama Mapacha alikuwa zamu hospitali, ambako ni muuguzi. Hakuna aliyenituma.

Hapo afisa alisimamisha kalamu. Akaniuliza, "Dada, wewe umekuja kama shahidi au kama mtuhumiwa?" Nikamwambia aendelee kuandika, hilo atalijua mwishoni. Amenionya kwamba maneno yangu yanaweza kutumika dhidi yangu. Nimeelewa.

Saa tano na robo, mimi na baba tulimfikisha Mheshimiwa kwa daktari wa mifugo, ndani ya ndoo iliyotandikwa sweta la baba. Nilimweleza daktari habari ya asumini. Alimbonyeza sungura tumbo, akasema, "Asumini hii nyeupe? Hilo jani halina neno. Angekula ule wa maua ya njano kama tarumbeta, unaotoa maziwa ukikatwa, tungekuwa tunaongea mengine. Hili tumbo limesimama, halisagi chakula. Mnampa nini kingine?"

Nikasema, nyasi na majani tu. Baba akatazama dari.

"Mzee?" daktari akauliza.

"Biskuti," baba akasema. "Moja."

"Kwa wiki?"

"Kwa chai. Ya asubuhi na ya jioni. Na ile ya saa nne." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa ananiangalia, daktari."

Daktari alimchoma sungura sindano, akatupa dawa ya maji na bomba la kumlishia uji wa nyasi kila baada ya saa chache. Tukarudi. Njiani nilikuwa nafikiria lile shina. Tulipofika getini nilimwambia baba kwamba nimelikata. Akasema, "Basi tumemkosea mtu sote wawili."

Siku hiyohiyo, saa kumi na mbili jioni, Mama Mapacha alikuja kwetu akiwa bado na sare ya kazi. Mkononi alikuwa na tawi lililonyauka. Mmea ule aliupanda wiki aliyotoka hospitali na watoto wake, miaka kumi na sita iliyopita. Nilikuwa namfungulia geti, mdomo wangu umeshafunguka, baba akanitangulia kutoka nyuma.

"Ni mimi, mama. Nilidhani mmea una sumu, nikamwogopea sungura."

Mama Mapacha alimtazama sana. "Wewe, baba yangu? Uliyenijengea ukuta ndiye wa kunikatia ua?"

"Ndiyo mimi."

Akaondoka bila kuaga. Hakuwahi kuondoka kwetu bila kuaga.

Nilipomuuliza baba kwa nini, alijibu, "Wewe unaanza kazi, na shule inataka barua ya polisi inayosema huna kosa. Mimi kazi nimeshamaliza. Shati kuukuu haliogopi doa. Na biskuti nani alitoa?" Nikabisha. Akaniambia, "Profesa, kamlishe mgonjwa." Nikaenda. Ndiyo ilikuwa aibu yangu kubwa kuliko ya msumeno: kwamba nilikwenda, na kwamba nilijisikia nafuu.

Jumapili tarehe 10, saa kumi na mbili asubuhi, baba aliniita kwa kelele. "Profesa! Njoo! Mheshimiwa amepitisha bajeti!" Bandani palikuwa na punje saba za kinyesi. Tulizihesabu mara mbili. Baba alifuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni vumbi la nyasi.

Jumatano tarehe 13 ulifika wito unaomtaka baba afike kituoni leo saa nne. Baba alipiga viatu rangi, akaviweka mlangoni. Nilivitazama usiku kucha, au karibu hivyo.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilibisha hodi kwa Mama Mapacha. Nikamwambia ni mimi. Hakushangaa. "Baba yako goti la kulia halikunjiki tangu mwaka juzi," alisema. "Ndiye angeruka ukuta ule? Nilijua tangu Jumamosi. Nilipeleka malalamiko polisi nione nani atakuja." Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha utauomba kituoni kwanza, mwanangu. Kesi kuifuta au kutoifuta, hilo ni langu." Kisha akaniuliza sungura anaendeleaje, na kama anapata maji ya kutosha.

Naomba jina la baba yangu liondolewe kwenye shauri hili na langu liwekwe mahali pake. Wiki iliyopita niliacha dirishani hapa ombi la barua ya kuthibitisha kwamba sina kosa. Kabla ya kuingia chumba hiki nimelichukua, nimelichana mbele ya karani, na nimeshaupigia simu uongozi wa shule kuwaambia kwa nini barua hiyo haitawafikia.

Niliyoyasema ni hayo. Nimesomewa, ni ya kwangu na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, koplo wa zamu, na kusomwa kwa sauti mbele ya shahidi. Shahidi amerekebisha mkato mmoja na nukta mbili. Wakati wa kusaini, baba yake alikuwa ameshafika kabla ya saa ya wito, akidai aandikwe yeye. Nimemwambia akae benchi la nje na bintiye. Shauri la nani achukue kosa wamalizane wao wenyewe. Mlalamikaji naye amefika na kukaa kati yao.