Mlango wa Mnyororo Kiwandani

Jericho, Nairobi

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba, nikitumaini barua hii inawakuta wazima. Goti lako likoje tangu mvua zianze? Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii, na nimeona afadhali uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Najua akina mama wa kanisani bado wanakuuliza binti yako ni daktari gani asiyedunga sindano. Waambie nachunguza akili ya mtu akiwa kazini: kinachomchosha, kinachomtisha, kwa nini anaumia. Katika kiwanda hiki cha blanketi hakuna aliyewahi kuifanya kazi hii kabla yangu, kwa hiyo nikikwama sina wa kumuuliza.

Mwezi uliopita wanawake wa chumba cha kufumia walianza kuzirai. Mmoja alianguka kando ya mashine, na wenzake walipokuwa wakimwinua, wengine wakaanguka. Ikawa hivyo karibu kila siku. Meneja akasema ni mapepo, akaleta mhubiri. Maombi yakaisha, wakazirai tena. Ndipo akaniita mimi.

Nilikaa nao mmoja mmoja katika stoo ya nyuzi, nikawaahidi kwamba sitamtaja mtu. Mwanzoni waliniogopa, wakidhani nimetumwa. Kisha mama mmoja akasema, "Dada, wanatufungia. Tukishaingia, mlango unatiwa mnyororo kwa nje, ati tusiibe blanketi. Na pamba imejaa kila mahali. Moto ukishika, tutatokea wapi?" Baada yake, kila aliyeingia alisema hayo hayo. Hofu ndiyo iliyokuwa ikiwaangusha.

Nikamwambia meneja mnyororo utolewe. Akanikazia macho.

"Nani amekuambia?"

"Wameniambia kwa siri."

"Nataka majina. Wewe umeajiriwa na kampuni au na wale wanawake?"

Nikainuka, nikatoka bila kumtajia hata mmoja.

Jumapili nikitoka kanisani, jirani yangu Mama Njeri, anayeuza vitunguu sokoni, alinivuta ndani kwake. "Rispa, kuna mtu wa suti amekuja kukuulizia. Anataka kujua nani hukutembelea, na kama unaongea siasa. Nimemwambia wewe ni mtu wa kazi na kanisa tu. Lakini chunga sana."

Mama, unajua siku hizi watu wanachukuliwa na makachero, wasirudi. Tangu hapo, gari likisimama nje, nazima taa.

Jumatatu nilimwomba meneja aingie nami chumba cha kufumia, tufungiwe pamoja na wanawake, aone mwenyewe. Akacheka, lakini wasimamizi walikuwa wanasikia, basi akaingia. Joto, kelele, vumbi la pamba puani. Kabla ya chai, bomba la mvuke likapasuka kwenye kona. Weupe ukatanda, tukadhani ni moshi. Wanawake wakapiga mayowe. Mimi nilijua tumekwisha. Meneja ndiye aliyefika mlangoni kwanza, akaupiga kwa ngumi akimwita askari wa mlangoni mwenye ufunguo, kumbe askari ameenda haja. Ulipofunguliwa, meneja alitoka shati limelowa, akaketi chini uani.

Jioni ile mnyororo ulitolewa, na hakuna aliyezirai tena. Lakini meneja hanisalimii, na jana mtu wa suti alikuwa getini akiniangalia nikiingia. Sijui kinachokuja. Naogopa, Mama, tena sana. Hata hivyo kesho nitaenda kazini, kwa maana wale wanawake wataangalia kama nimefika.

Msalimie Baba, asiache dawa ya kifua. Msalimie shangazi mfinyanzi, na mke wa kaka pamoja na mtoto wake mchanga ambaye bado sijampakata.

Na mgeni akifika hapo nyumbani akiuliza nani huniambia nini huku Nairobi, mpe chai, umwambie hujui. Hutakuwa umesema uongo. Hata wewe sijakutajia jina la yeyote kati ya wale wanawake.

Ni mimi mwanao, unikumbuke unapopiga magoti,

Rispa