Theluji ya Sufi

Jumatatu, 16 Novemba 1953
Gundi ya unga wa muhogo imeungua tena. Nimekwangua sufuria. Darasa zima na kitabu kimoja cha picha: majira ya baridi Ulaya, theluji mpaka madirishani. Mwajuma kauliza kama ni chumvi. Nikapasua mto wangu, tukabandika sufi ya ndani yake kwenye mapaa ya nyumba walizochora watoto. Furaha tupu. Hata mimi.

Jumatano, 18 Novemba
Mwalimu Agnes alisimama mlangoni mwa darasa langu muda mrefu. Kanisifu. Huyu hasifu bure.

Ijumaa, 20 Novemba
Mwizi! Agnes kamwambia mwalimu mkuu kuwa sufi ni wazo lake. Jumatano anakuja mkaguzi, mama wa Kizungu, kuchagua mwalimu mmoja wa kwenda kusomea kufundisha watoto wadogo. Nafasi niliyoiombea kila siku. Agnes ataonyesha somo langu, kwa watoto wangu. Mimi niandae chai.
Kaniambia, "Usinune, mdogo wangu. Sie wakubwa ndo tunatangulia." Nikacheka. Moyoni namla mbichi.

Jumapili, 22 Novemba
Kanisani. Kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehe nilifumba mdomo.
Agnes ni wa bara, hajui sufi inavyopeperuka. Kwetu Pangani tunaichambua ndani, milango imefungwa, hata kukohoa ni kosa. Yeye ataiweka kikapu kizima mezani. Dirisha linaielekea meza hiyo. Upepo wa kaskazi umeanza kuvuma. Na mwenye kuingia na chai ni mimi. Atanikoma.

Jumatano, 25 Novemba
Nimefanya. Nilitua vikombe, nikasema, "Joto jamani," nikafungua dirisha. Kikapu chote juu! Agnes sufi nyweleni, sufi puani, chafya mfululizo mbele ya mgeni. Nilifurahi, sitajidanganya.
Kisha watoto wakaanza kuruka. "Theluji! Theluji!" Mkaguzi kasimama, kapiga makofi, machozi yanamtoka. Kasema kaona kwao. Kauliza nani kabuni kufungua dirisha.
Agnes hakusita. "Mie, Mama. Nilimwagiza huyu."
Nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai.
Kachaguliwa yeye.

Ijumaa, 27 Novemba
Agnes anafunga sanduku. Sikwenda kumuaga.
Watoto wamenisaidia kuokota sufi chini ya madawati. Mwajuma kauliza kama Wazungu hulalia theluji. Nimemwambia hapana, ni baridi.
Jioni nimeshona mto. Haujajaa kama zamani. Nitaulalia hivyo hivyo.