Waya Uliofungwa kwa Ganda la Mgomba

Ngenge, Muleba

Rafiki yangu Leonsi,

Niwie radhi kwa kimya hiki kirefu. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa sikuwa na jambo la hakika la kukuambia, nawe unajua kwamba siandiki nisiyoyahakikisha. Sasa ninalo.

Kwanza ujue yaliyosemwa baada yako. Lori la kijiji, lile ulilofia usiku ule, lilipotolewa mtaroni, mkaguzi wa magari aliwasha taa za mbele, zikawaka. Akazima, akawasha tena, zikawaka. Akasema gari halina kasoro. Basi watu wakaijaza wenyewe sababu iliyobaki: dereva alikuwa amekunywa pombe ya lubisi. Wewe, ambaye hata harusini ulikishika kibuyu kwa heshima tu, kisha ukampa jirani.

Paulina, mke wako, hajibizani nao. Ila siku za kazi katika shamba la kijiji hulima ukingoni, peke yake, na akimaliza sehemu yake huondoka bila kuketi na wenzake.

Lori lilipotengenezwa alipewa Baltazari aliendeshe. Mvua za masika zilipoanza, alipeleka kahawa Bukoba. Kwenye mteremko taa zikazimika ghafla. Bahati yake giza lilikuwa halijakolea, akaiona barabara, akasimama. Aliporudi na lori tupu, taa ziliwaka njia nzima. Alipotueleza, watu walicheka pale dukani: "Kumbe na lori nalo linakunywa."

Mimi sikucheka. Safari zile zilitofautiana kwa jambo moja, nalo ni mzigo. Mkaguzi alilipima lori likiwa tupu.

Nikamwita Mzee Salumu, yule fundi umeme wa Bukoba uliyekuwa ukimwamini. Hakufungua kitu. Aliagiza tupakie ndizi, tulijaze lori kama siku ya ajali yako. Tukapakia. Akawasha taa, akawaambia watu wapande juu ya mikungu na kutikisa. Taa zikazimika. Tukapunguza mzigo, zikawaka. Ndipo akaingia chini, akaufuata waya kwa vidole kuanzia kwenye swichi mpaka pale unapotoka kwenye kebini na kushika chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Akaniita kutoka kule chini, "Mwalimu, hapa mmefunga waya au mmefunga senene?"

Lilikuwa ganda la mgomba, limesokotwa na kukazwa vizuri. Ndani yake shaba ilikuwa imeliwa na unyevu, imegeuka kijani, imekatika. Lori likiwa tupu, ncha ziligusana. Likilemewa, chesisi ilipinda kidogo, na ncha zikaachana.

Leonsi, nilikitambua kile kifundo. Ni chako. Ule mzunguko wa ziada uliokuwa ukiuweka kila mahali, hata kwenye furushi la maharage.

Nakumbuka wakati ule tepu ya umeme ilipokosekana katika maduka yote ya Bukoba. Waya ulikuwa umechubuka, na shule ilikuwa ikingoja unga. Ulitumia kilichokuwapo. Sisi hufunga kila kitu kwa ganda la mgomba: nyasi za paa, chumvi, senene wa kukaanga, samaki, mche wa kahawa unaopelekwa kwa shemeji. Likiwa kavu halina neno. Likilowa hushika maji kama kitambaa, na katika mvua zetu halipati siku ya kukauka. Sijui kama ulikusudia kulibadilisha. Hilo ndilo ninalotembea nalo, na hakuna wa kunijibu.

Ningeweza kuipelekea kamati ya kijiji habari ya waya uliokatika, nisitaje aliyeufunga. Nilimwuliza Paulina kwanza. Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua kichwa. "Sema yote, Mwalimu," alisema. "Ukiwapa nusu, nusu nyingine wataitafuta wenyewe."

Basi nilisema yote. Katibu akasimama: "Ndugu Mwalimu, kwa hiyo marehemu amejiua kwa mkono wake mwenyewe." Niliumia, lakini sikuweza kusema kwamba mkono haukuwa wako. Baltazari ndiye aliyemjibu. "Mkono huohuo umekuletea unga masika yote, ndugu yangu. Tepu ungempa wewe?" Katibu akaketi. Mwingine nyuma akanong'ona kwamba Baltazari anajitetea mapema, na wachache wakacheka, kisha wakaacha.

Ombi langu kwao ni dogo. Itamkwe mbele ya mkutano wa kijiji kwamba hukuwa umelewa, kwamba taa zilizimika, na kwa nini zilizimika. Sikuomba usifiwe. Mwenyekiti ameahirisha, anataka wazee watafakari, kwa maana kijiji kikikubali hivyo, kitakuwa kimekubali pia kwamba kilimsema mtu kwa uongo hali mkewe yuko hai na anasikia.

Waya mpya umekwisha kufungwa, nami nimekagua lori chini kwa macho yangu, kwa magoti haya unayoyajua.

Jana Paulina aliniuliza aketi wapi siku ya mkutano. Nimemwambia aketi mbele, uamuzi uwe wowote.

Pumzika, Leonsi. Wakishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo. Wakikataa nitakuandikia pia, kwa maneno yaleyale watakayoyatamka, bila kuyapamba.

Rafiki yako,
Tadeo