Saa ya Kinshasa kwenye Simu za Goma

Binti yangu uliye Nairobi,

Nimeandika habari za watu wengi. Hii ni yako, nami nimeihakiki.

Uliwatengenezea programu akina mama wanaovuka mpaka kutoka Rwanda kwenda kuuza mboga Goma. Kazi yake ilikuwa moja: kuwatumia ujumbe saa moja kabla ya mpaka kufungwa. Sehemu ya kuhesabu saa hukuiandika. Uliichukua ikiwa tayari, imeandikwa na wengine, ukaiambia tu kwamba laini fulani za simu ni za Congo.

Siku moja ilitangazwa kwamba mpaka ungefungwa mapema, saa tisa alasiri. Laini za Rwanda zilipata ujumbe saa nane. Za Congo ziliupata saa tisa kamili: programu ilizihesabia saa ya Kinshasa, iliyo nyuma ya Goma kwa saa moja. Shangazi yako Vestine, mwenye laini ya Congo, alikuta mpaka umefungwa. Alilala kwa binamu yake, na mtoto wake wa miezi minne akabaki nyumbani Rugerero, upande wa Rwanda, akilia na kukataa kikombe.

Nilikasirika. "Tupa hicho cha watu. Andika saa yako mwenyewe."

"Papa, hiyo imepitiwa na watu wengi. Yangu ataipitia nani? Saa ya Goma iko ndani. Mi ndo sikusoma."

Ulisoma maelezo yote, ukabadilisha mstari mmoja, ukasimama kwenye kivuko cha Grande Barrière na simu mbili, moja ya laini ya Rwanda na moja ya Congo, mpaka zikalia pamoja. Nilipaswa kukuelewa mapema. Mimi pia hutumia habari zilizoandikwa na wengine. Ninachodaiwa ni kupiga simu kuhakikisha kabla hazijachapishwa.

Kisha ukaenda sokoni, ambako akina mama walikuwa wameanza kujitoa kwenye programu. Ungeweza kuisingizia mashine, na wangekuamini.

"Kosa ni yangu," ulisema. "Nilikamata kitu bila kusoma. Munisamehe."

"Kinshasa!" Vestine akadakia. "Mi sijawahi hata kufika!" Wakacheka, wewe hukucheka. Akakutazama, akakupa simu yake. "Bon, rudisha namba yangu. Lakini nikilala Goma tena, mutoto we ndo utamunyonyesha."

Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Nimewaona wakubwa wengi mbele ya vipaza sauti wakitafuta mtu mwingine wa kubeba kosa lao. Wewe ulisimama kati ya mafungu ya karoti ukasema ni lako. Sikukwambia siku ile. Najivunia kuwa baba yako.

Fanya kazi vizuri huko, na ule.

Papa wako